Nakala Isiyo na Mhuri

Mimi ni mkali, na mtaa wetu mzima wa Nyamianda unalijua hilo. Lakini siku moja niliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyofunga kinu changu.

Ofisi ya kodi ilikuwa imenitoza kodi ya mashine mbili za kusaga. Moja ilikufa zamani, kuku walikuwa wanatagia ndani yake. Niliruhusiwa kupinga kwa barua kabla ya muda kwisha, na barua ikishapokelewa, hakuna anayegusa mlango wako mpaka ujibiwe. Niliandika nakala mbili: moja ya ofisi, nyingine nigongewe mhuri wa kupokelewa, nirudi nayo.

Mpokea barua alikuwa baba wa ubatizo wa binti yangu, tena tunaimba kwaya moja parokiani. Aliichukua barua, akauliza hali ya mtoto, akaiweka kwenye faili. Nakala ya pili ikabaki mkobani. Kwetu, kumdai mtu kama huyo mhuri ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Nikaaga.

Muda ulipopita walikuja wakabandika karatasi za serikali za kufunga kinu mlangoni. Ukizichana, unafungwa. Wanawake waliokuwa wakingoja na mabeseni ya muhogo wakahamia kwa jirani. Ofisini wakasema hawajaona barua yoyote, kama sikuridhika niende mahakamani. Karani wa mahakama, mtu wa adabu sana, aligeuza nakala yangu mbele na nyuma. Bila mhuri, alisema, ni kama sikulalamika, na asiyelalamika ofisini hana kesi kwake. Nirudi ofisini. Majuto ni mjukuu, lakini wangu alizaliwa upesi. Nilikosa usingizi kwa hasira, nyingi zikiwa juu yangu mwenyewe.

Nilirudi kwa yule mwenzangu wa kwaya. Alinisikiliza akitazama meza.

“Barua yako miye nilipokea, sikatae,” alisema. “Ilipoteaka wakati tulihamisha buro, ofisi nzima na mafaili yake.”

Nikamwomba aseme hivyo mahakamani. Akasema ana watoto sita na kazi moja. Kisha, kwa huruma ya kweli, akachukua nakala yangu, akaigonga mhuri, akaandika tarehe.

“Ya nyuma siwezi kuandika, mama. Ni ya leo tu.”

Basi sasa nina ushahidi kamili, wenye mhuri, kwamba nililalamika nikiwa nimechelewa. Nilitamani kumrushia usoni. Nikaipokea, nikasema asante, nikamwomba amsalimie mama watoto.