Dira Kumi na Moja Ndani ya Kikapu

Mimi nina ulimi mkali, na ninajijua. Miaka yote niliyofundisha jiografia Getanuwas ulinisaidia kunyamazisha darasa. Sasa nimestaafu, ninaishi Endagikot, na ulimi huohuo umeniingiza kwenye balaa ambalo sijui nitatokaje.

Ninakusanya dira za zamani za mfukoni na saa za jua. Basi, sina maelezo mengine. Mwaka jana nilikuwa na dira kumi na moja za shaba, na saa mbili za jua za kukunja, zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, kwa hiyo hapa kwetu kivuli chake kinasema uongo. Nikishika dira, sindano ikacheza mpaka ikatulia, na roho yangu inatulia. Lakini watu hawachoki kuniuliza, "Mwalimu, hivi vinakusaidia nini?" Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa kanisani, hata msibani jamani!

Basi mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni baba wa watoto watano, akanipigia simu. Amekuta dira kwenye sanduku la marehemu babu yake, ambaye aliwahi kubeba mizigo ya wapima ardhi wa Kizungu. Niliifuata hukohuko Getanuwas siku hiyohiyo, nikamlipa, tukanywa chai. Halafu na yeye akauliza swali lile. Nilikuwa nimechoka, mgongo unaniuma. Nikamjibu, "Inanionyesha Mjerumani alipozika mali zake."

Nilicheka mwenyewe. Yeye hakucheka, na mimi sikushtuka, wakati najua vizuri kwamba huku kwetu wapo watu wanaochimba vilima kutafuta mali wanazosema Mjerumani alizificha aliposhindwa vita.

Baada ya mwezi mmoja alikuja kwangu. "Shikamoo mwalimu." Akaomba kuazima ile dira awaonyeshe watoto wake. Nilimpa kwa furaha, nikidhani hatimaye nimepata mtu wa kunielewa. Wiki iliyofuata akanitumia picha kwenye simu: shimo la kufika kifuani, na nyuma yake ukuta ninaoufahamu, ukuta wa nyumba ya mama yake mzazi, iliyo uani kwake. Chini ameandika, "Mwalimu, sindano imegeuka hapa. Asante sana."

Nilienda kesho yake. Nyumba yenyewe ni ya tofali za udongo, ya zamani, na kwenye kona palikuwa na plau bovu limeegemezwa ukutani. Nikaliburuta mbali, nikamwonyesha jinsi sindano inavyorudi kaskazini.

"Umeona? Ni chuma tu! Nilikutania. Hakuna mali hapa."

"Ndiyo, mwalimu," akasema, kama alivyokuwa akisema darasani. Kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa kama hakuna kitu, kwa nini ulikuja kuinunua mbali hivi?"

Nikasema ninazipenda tu. Hata masikioni mwangu ilisikika kama uongo.

Nikarudi nyumbani nikawaza, nikaona dawa ni kumwonyesha na zile nyingine zote, aone kwamba ni ugonjwa wangu wa kukusanya na si siri. Loo, akili gani ile! Niliziweka kwenye kikapu, nikasafiri nazo, nikazipanga juu ya mkeka uani kwake. Aliziangalia moja moja, mikono nyuma. Halafu akamwita mkewe kwa sauti.

"Njoo uone! Anazo kumi na moja! Mtu mwenye akili zake anakusanya hizi zote bure?"

"Nilikudanganya mimi!" nikapiga kelele. "Unanisikia? Nilidanganya!"

"Hapana, mwalimu. Wewe hujawahi kutudanganya hata siku moja." Akachukua sururu, akarudi shimoni. Jioni alikuwa amefika kwenye msingi.

Nikaingia kwa mama yake. Alikuwa amekaa kitandani, amejifunika shuka, anasikiliza sururu ikigonga upande wa pili wa ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu."

Nikamwomba twende naye Endagikot, nina chumba, akae mpaka mambo yatulie. Akakataa.

"Nikitoka humu atachimba mpaka chini ya kitanda. Nikiwa ndani bado anaogopa kuuangusha ukuta." Akavuta shuka mabegani. "Ni wewe uliyemwambia?"

"Ni mimi, mama."

Ningefurahi kama angenitukana. Alisema tu nifunge mlango, vumbi linaingia.

Mvua zilianza juzi. Sili vizuri, silali. Kila asubuhi ninapiga simu kuuliza kama ukuta bado umesimama na kama mama ametoka ndani. Bado hajatoka. Mwanafunzi wangu ananiamkia kwa heshima zote, ananijibu, kisha ananiuliza sasa achimbe kuelekea upande gani.