Breki Haijaribiwi Kavu

Fundi wa baiskeli wa Kimilili hakurudishii baiskeli kabla hajayamwagia magurudumu maji na kuteremka nayo mwenyewe hadi kwenye mtaro. Breki ikiwa kavu, anasema, hata kiatu kinashika. Vidole vyake vyeusi hupapasa rimu, ule ukingo wa chuma wa gurudumu, polepole, kama mama anayechambua mawe kwenye maharagwe. Anapenda breki za rimu, za raba zinazobana ukingo huo, kwa sababu raba zake zinapatikana hata Bumula. Za diski hazijali tope, anakubali, "lakini pedi zake mpaka ufike Kitale, bana."

Jana Jepkorir, anayeteremsha maziwa kutoka mlimani, alikuja na mtoto mgongoni. Fundi akamfungia raba mpya, akajaza maji mtungi wake wa maziwa, akaufunga kwenye keria, akalowesha magurudumu na kuteremka kwenye tope. Baiskeli ikasimama kabla ya mtaro, ikiteleza kidogo tu. Jepkorir akanyoosha mkono aichukue. Fundi akaipindua miguu juu, kisha akaanza kufungua gurudumu la mbele la baiskeli yake mwenyewe, pamoja na uma unaolishika na breki yake ya diski, avihamishie kwenye ya Jepkorir.

"Si imeshika?" Jepkorir akauliza.

"Imeshika," akasema, akimtupia jicho mtoto mgongoni. "Lakini mimi nilibeba maji."