Siku Thackwell Aliposema Kweli

Mimi, mama Pettifer, naoka pai, na duka langu limeegemea ukuta wa uwanja wa kanisa la Mtakatifu Paulo, pale wanapouza vitabu. Kwa hiyo mashairi nayajua kwa upande wa tumbo. Yaliyokosa mnunuzi huletwa kwangu kwa mafungu, nayatandika chini ya pai zisigande. Washairi wakipita dukani wananitupia jicho baya, nami nawarudishia. Ya Crispin Thackwell peke yake hayakunifikia hata karatasi moja, kwa sababu yalikuwa yanagombaniwa.

Thackwell alipanga chumba cha juu yangu, yeye na mkewe Ursula na binti yao Thomasin. Mtu mfupi, mwenye koti moja jeusi na ulimi uliotosha watu kumi. Kazi yake ilikuwa kuwakejeli wakubwa kwa beti: mahakimu, makasisi, mabwana wanaovaa hariri na nyumbani wanakula kabichi tupu. Na kuamini, hakuamini kitu. Ukimwambia kumekucha, anauliza umejuaje.

"Jirani," aliniambia siku moja, mdomo umejaa pai yangu, "ukimsikia mtu anasema ana hakika, ujue kuna kitu anauza."

"Na mimi nina hakika hiyo pai hujaniambia asante," nikamjibu.

Mtoto alilelewa kwa kejeli hiyo kama wenzake wanavyolelewa kwa sala. Walikuwa na mchezo wao. Baba anakaza uso, anasema jambo zito, mathalani kwamba askofu anakuja kula kwao leo na amekataa kuketi kwenye kiti kibovu. Thomasin anamkazia macho, anachungulia nyusi, anachungulia pembe ya mdomo, kisha anasema, "Nimekupata, baba." Hapo wote wawili wanavunjika mbavu. Ursula alikuwa hapendi. Alisema mchezo huo utakuja kuwatokea puani, wakamcheka naye.

Ursula alifariki akijifungua, na kichanga akaenda naye. Kwetu mtu wa kalamu akifiwa, marafiki huandika beti za kumlilia marehemu na kuzibana kwa pini kwenye kitambaa cha jeneza, watu wazisome. Thackwell aliandika mwenyewe. Alinisomea kabla hajazibana, nikalia mpaka unga ukaniganda mikononi. Hazikuwa na fumbo lolote. Zilisema mwanamke huyu alikuwa na mkono mzuri wa chumvi, na nyumba imepoa.

Watu wakasogea, wakasoma. Mara nikaona mabega yanatikisika kwa kicheko. Hobday, muuza vitabu wake, akamvuta Thackwell kando.

"Umewamaliza, ndugu yangu. Hiyo ya chumvi ni yule bwana mkubwa mwenye kibali cha kuuza chumvi peke yake, siyo?"

"Ni chumvi," Thackwell akasema. "Ursula alikuwa anajua kutia chumvi."

Hobday akajishika mbavu pale pale, mbele ya maiti. Beti zile alizinakili, akazichapa bila jina, mji mzima ukazisoma ukitafuta nani katukanwa. Hazikuletwa kwangu. Nilitamani ziletwe, angalau zikae mahali penye joto.

Miaka ikaenda. Thomasin akawa msichana mkubwa, kisha kifua kikamshika. Alikonda hadi pete ya mama yake ikawa inamtoka kidoleni. Asubuhi moja nilikuwa namnywesha supu, baba yake kaketi kitandani, Thomasin akamwuliza, "Baba, mama yuko mahali, au hayuko popote? Niambie wewe. Kasisi analipwa kusema."

Thackwell aliinuka. Akachukua kofia, akashuka ngazi.

Alipanda mnara wa kanisa, ule uliokatwa kichwa na radi kabla mimi sijaolewa. Adhuhuri alirudi amelowa chapa, akaketi kwenye gunia langu la unga bila kuomba ruhusa.

"Dhoruba imekuja kutoka upande wa Kent, ng'ambo ya mto," akasema. "Nimeiona inatembea juu ya mapaa, mto ukageuka mweupe, mji mzima ukawa mdogo kama makombo ya mkate. Nimepiga magoti, jirani. Niliogopa, na sikutaka ule woga uishe. Nikatafuta neno la kuukejeli, sikulipata. Ursula hajapotea. Usiniulize nimejuaje."

"Sikuulizi. Panda ukamwambie mtoto."

Nikamfuata juu. Alimwambia yote, polepole, bila pambo, akimshika mkono, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Thomasin alimkazia macho kama zamani. Nyusi, halafu pembe ya mdomo. Mimi nilikuwa namwomba Mungu moyoni.

"Nimekupata, baba," akasema.

"Mwanangu, sichezi."

"Hata siku ya askofu ulisema huchezi." Alicheka, kikohozi kikamkamata. "Na machozi juu yake. Hii imezidi zote."

Nikashindwa kujizuia. "Thomasin, binti yangu, baba yako anasema kweli."

"Na mama Pettifer naye kafundishwa," akasema. Akampapasa baba yake mkono, yeye ndiye akawa anambembeleza. "Usihuzunike, baba. Nilitaka kujua tu kama kuna unachokijua. Ungekuwa unajua, usingenifanyia mchezo. Basi, nimejua."

Akageukia ukutani. Alikata roho pai za jioni zikiwa bado motoni, na baba yake bado anarudia yale yale mgongoni kwake, dhoruba na mto na Ursula.

Siku ya mazishi Thackwell hakubana kitu. Watu walilizunguka jeneza, wakainua pindo za kitambaa wakitafuta karatasi. Hobday alitazama pale patupu, kisha akamnong'oneza mwenzake kwamba Thackwell ni fundi, hii ya kuacha patupu ndiyo kali kuliko zote. Nilimchukia Hobday siku ile, na namchukia mpaka leo. Thackwell alisikia kila neno, wala hakugeuza kichwa.