Mke Mwenzangu, Njoo

Marehemu mke wangu alimwita ng'ombe wake mke mwenzangu. Alianza siku ile ile kaka yake alipomshusha kwenye gari hapa kwetu Ntalikwa, mtamba mwekundu mwenye baka jeupe shingoni, zawadi ya kaka kwa dada. "Umeletewa mke wa pili," aliniambia, "na huyu ana nafuu, hana mdomo." Tulicheka, na jina likabaki.

Mimi ni fundi baiskeli, nashinda mjini, mtaa wa Ng'ambo, kwa hiyo ng'ombe alikuwa wake kwa kila kitu. Majani, maji, kukamua, hata kuota naye jua asubuhi. Ndama wa pili alipokufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, majirani walimwambia ng'ombe wa kienyeji asipomwona ndama hukaza maziwa, kwa hiyo achune ile ngozi, aijaze majani makavu na kuisimamisha mbele ya mama yake aramberambe. Ndivyo wengi huku tunavyofanya. Mke wangu akakataa. Alisema mfiwa hadanganywi.

Badala yake akamfundisha. Kila jioni alitikisa kopo la pumba na kuita kwa sauti ya kuvuta, "Mke mwenzangu, njoooo." Alimwachia ale, akamkanda kiwele kwa kitambaa cha maji ya moto, ndipo akakaa kukamua. Mwanzoni alipata matone ya kumpa paka. Hakuchoka. Ilifika mahali akiita tu, kopo bado liko juu ya kichanja, ng'ombe anakuja huku maziwa yanadondoka yenyewe njiani. Niliyaona kwa macho yangu, alama nyeupe kwenye vumbi kutoka kwenye mti wa kumfungia hadi mlangoni pa jiko. Nilidhani ni mapenzi. Bado nadhani hivyo, ingawa siku hizi nikilisema hilo nasikia mtu ndani yangu anabisha.

Mke wangu alikufa mwezi wa baridi, kwa ugonjwa ambao sitaueleza hapa. Watu walijaa. Na kama ilivyo desturi yetu Wanyamwezi, watani nao walikuja. Wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kurudi, waliokufia njiani walizikwa na watu wa huko, na utani ukaanzia hapo, ndivyo tulivyosimuliwa. Mzaramo akija msibani kwako ana ruhusa ya kufanya atakalo. Mtani wangu ni mama mmoja wa Kizaramo anayekaanga vitumbua jirani na kibanda changu Ng'ambo. Alilala chali mlangoni jeneza lilipotaka kutoka. "Hamtoki mpaka nipewe kuku. Wanyamwezi mlizoea kubeba mizigo ya wenzenu, leo mnabeba wa kwenu mnalia nini?" Watu waliokuwa wakilia wakacheka, na mimi nikacheka na machozi yangu, nikampa kuku. Mpaka hapo sina neno naye.

Baada ya mazishi akavaa kanga za marehemu. Hiyo pia ni desturi: mtani humwigiza aliyekufa, namna yake ya kutembea, ya kugomba, ya kucheka, ili wafiwa wapumue. Alimwigiza vizuri mno. Mtu fulani akamwambia, "Mwite na mke mwenzako basi." Akasimama pale pale kwenye mlango wa jiko, akavuta sauti, "Mke mwenzangu, njoooo. Njoo uone bwana wetu alivyokonda, wewe unalala tu." Ng'ombe akaja. Alikata kamba, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakichagua mchele, maziwa yakimdondoka. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Alipotia pua kwenye sufuria la wali, akachapwa ndala ya uso, akarudishwa.

Kitu kikichekesha msibani hakiachwi. Kila wageni wapya walipofika waliambiwa, hebu subirini muone. Mtani akaita, ng'ombe akaja, hakuna pumba, hakuna kitambaa cha maji ya moto, kuna vicheko na ndala. Akaitwa asubuhi, akaitwa mchana, akaitwa watoto walipotoka shule. Hata siku ya mwisho, alipoitwa na kusimama tu akitazama, walicheka zaidi. "Amenuna," walisema. "Kweli huyu ni mke mwenza."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanaume. Nilisikia kila mwito. Na kila mara, kabla sijakumbuka, nilikuwa nimeshageuza shingo kutazama jikoni.

Matanga yalipoanuliwa, nikabaki na binti yetu, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Jioni ile nilichukua kopo la pumba na ndoo. Nilikuwa nimemsaidia mama yake kukamua mara kadhaa alipoumwa, mkono wangu haukuwa mgeni kabisa. Nikaita kama alivyoita yeye, nikavuta sauti kadiri koo langu lilivyoweza. Ng'ombe akainua kichwa, akanitazama, akanigeuzia mgongo. Nikamfuata na kopo. Akasogea mpaka mwisho wa kamba. Nilipomshika kiwele kilikuwa kimejaa, kigumu, cha moto, na hakutoa kitu. Ilikuwa hivyo kesho yake na siku zilizofuata. Bwana mifugo alikuja, akampima, akanawa mikono. "Huyu mzima, mzee. Maziwa anayo, anayazuia mwenyewe. Asipoyaachia yatakauka."

Shemeji yangu, yule kaka wa marehemu, alikuwa bado yupo mjini kwa ndugu zake Ipuli. Alikuja akamtazama ng'ombe, akatazama ndoo kavu.

"Shemeji, hili ni tumbo tu sasa," alisema. "Pumba unatoa wapi kila siku? Kuna dalali wa mnadani namfahamu. Mwezi ukiisha bila maziwa, tunamkabidhi ng'ombe."

"Anakwenda kufugwa?"

"Ng'ombe asiyekamulika anakwenda wapi, shemeji? Unajua anakokwenda."

Nilijua. Machinjioni. Na ng'ombe ametoka kwao, haki ya kusema anayo. Ila usiku sikulala vizuri. Kanga za marehemu dada zake walikuwa wamegawana, vyombo vimetawanyika. Alichokuwa ametengeneza yeye mwenyewe kwa mikono yake na uvumilivu wake, kikabaki kimoja, kimesimama nje kinatafuna.

Binti ndiye aliyenieleza. Tulikuwa tumekaa jikoni, na nina hakika alijitahidi kusema taratibu kwa kuwa mimi niliishia darasa la saba. Alisema chuoni wanasoma jinsi kiumbe anavyojifunza kwa kuunganisha vitu viwili. Mbwa akigongewa kengele kabla ya nyama, siku nyingi, mwisho kengele peke yake inamtoa mate. Hafikiri, mwili umeshajua. Na kengele ikigongwa tena na tena bila nyama, mate yanapungua mpaka yanaisha.

"Kwa hiyo watani wamemfundisha ng'ombe," nikasema.

"Wamemfundisha, baba. Mama alimfundisha kuwa ule mwito ni chakula na kukandwa. Wao wakamfundisha kuwa ni makelele na ndala. Somo la mwisho ndilo lililo karibu."

Nilikasirika, tena si kwa ng'ombe. "Kwa hiyo mama yako kwake alikuwa pumba tu?"

"Sijasema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema. Umeweka maneno ya chuo, lakini ndivyo."

Alichochea moto. Na mimi nikatoka nje, kwa sababu nilijua anachosema ni kweli na kilikuwa kinanihusu. Mke wangu alikuwa akinibipu kila baada ya adhana ya alasiri ili nisisahau pumba mashineni. Sasa adhana ikiisha, mkono wangu unaingia mfukoni. Simu ya mteja ikilia kwa mlio kama wangu, naachia spana. Shuleni tulifundishwa jedwali kwa fimbo, na hadi leo nikikutana na saba mara nane kiganja kinajikunja kabla jibu halijafika. Sikuhitaji kuambiwa kuwa mwili unajua mambo yake. Nilichukia tu kwamba ni jambo la kawaida kiasi hicho, limo kitabuni, linafundishwa kwa wasichana wa miaka ishirini.

Nilimwendea mtani Ng'ambo. Kumkasirikia mtani kwa mambo ya msibani hairuhusiwi, ni aibu, ni kama kukataa mazishi yenyewe. Kwa hiyo nilimweleza tu, nikiwa nimesimama mbele ya karai lake.

"Mnyamwezi umekuja kunishtaki kwa ng'ombe," alisema akigeuza vitumbua. "Wenzako wanashtaki kwa balozi wa nyumba kumi."

"Sishtaki. Nakueleza. Ng'ombe anakwenda kuchinjwa."

Akaacha kugeuza. Kitumbua kimoja kikaungua na hakukiondoa. "Ule mwito?" akauliza. "Ule wa mke mwenzangu?" Jioni yake alifunga mapema akaja Ntalikwa mwenyewe, na pumba amenunua. Alisimama mbali kidogo, akaita kwa upole, bila mchezo wowote. Ng'ombe alipomsikia alirudi nyuma mpaka akaegemea ukuta, masikio yamelala. Mtani akaweka kopo chini. "Basi leo ndiyo nimejua ninavyochukiza," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani. Alikataa chai. Nilimsindikiza mpaka barabarani bila kumwambia nimemsamehe, maana desturi yetu inasema hakuna kosa.

Binti akaniambia niuache ule mwito. Umeharibika, alisema, ukiurudiarudia unazidi kuuharibu. Tafuta sauti nyingine, mahali pengine, muda mwingine, uanze upya kama mama alivyoanza. Nilimwambia siwezi. Ile sauti ndiyo iliyobaki ya mama yake.

"Imebaki kwetu, baba. Kwa ng'ombe haipo."

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa huku nikiendelea kuita kwa ukaidi, na ng'ombe akiendelea kunigeuzia mgongo, na kiwele kikianza kulegea. Kulegea kule ndiko kulikonitisha. Nikamhamisha nyuma ya nyumba, upande ambao matanga hayakufika. Asubuhi, si jioni. Kwa sauti nikatumia mluzi ninaoupiga kwa meno nikiwa najaza upepo matairi, mluzi mbaya usio na wimbo. Nilipiga, nikamwekea pumba, nikaondoka. Hivyo hivyo, bila kumgusa. Kisha nikapiga, nikaweka pumba, nikakaa karibu. Kisha kitambaa cha maji ya moto. Ni kazi ya kuchosha, na inachosha zaidi kwa mtu ambaye kila asubuhi anajiona kama anamfuta mkewe taratibu kwa pumba na kitambaa. Binti alirudi chuoni katikati ya kazi hiyo. Hakunikumbusha kuwa alikuwa amesema kweli.

Maziwa ya kwanza yalifunika tako la ndoo tu. Niliyanywa peke yangu yakiwa na uvuguvugu. Yakaongezeka. Halafu asubuhi moja niliamka nimechoka, nikazunguka nyuma ya nyumba na ndoo, na bila kuwaza mdomo wangu ukasema, "Mke mwenzangu, njoo." Nilikuwa nimeusikia mwito ule jioni nyingi mno, ulitoka wenyewe. Ng'ombe alipiga teke ndoo, akajikaza, na ilinichukua karibu wiki kumrudisha tulipokuwa. Nilikaa chini kwenye samadi nikalia kwa hasira kuliko nilivyolia siku ya kuzika. Sikujua nimkasirikie nani. Ng'ombe alifanya alichofundishwa. Na mimi pia.

Mwezi ulipoisha shemeji alikuja na dalali. Dalali alikuwa na fimbo mkononi na amevaa gambuti, nikamwomba akae barazani. "Mbona unanificha mali yako," alisema, "kwani mimi simba?" Lakini alikaa. Nikaenda na shemeji nyuma, nikapiga mluzi. Ng'ombe akaja. Nikamkanda, nikakaa, na mlio wa maziwa ndani ya ndoo ulianza mwembamba, ukanenepa. Shemeji alisimama mpaka nikamaliza. Alichovya kidole kwenye povu, akalamba kama mtoto.

"Haya," alisema. "Abaki."

Alikwenda akamwambia dalali arudi zake, wakabishana kidogo kuhusu usumbufu, dalali akaondoka. Shemeji akarudi. Alimpapasa ng'ombe shingoni, kwenye lile baka, muda mrefu.

"Dada alikuwa akimwita," alisema. "Mke mwenzangu, sijui nini, kwa ile sauti yake. Msibani nilichelewa, wakanisimulia tu kwamba yule Mzaramo aliipatia kabisa. Hebu mwite, shemeji. Nisikie."

"Siwezi."

"Mara moja tu."

"Nikimwita hivyo atakaza. Nitampoteza tena."

"Basi twende pale mbali, uniitie mimi."

Nilipima umbali kwa macho. Uwanja wetu si mkubwa, na masikio ya ng'ombe si kama yetu. "Atasikia," nikasema.

Alinitazama kama mtu anayenyimwa maji. Alidhani namchezea, au namlipiza kwa ajili ya dalali. Nilijaribu kumweleza habari ya kengele na mbwa, nikaichanganya, nikaiacha. Nilimmiminia maziwa kwenye dumu apeleke Ipuli. Alilipokea kwa mkono mmoja, hakuaga vizuri, akaenda zake kwa miguu. Nikarudi nyuma ya nyumba kumtengea ng'ombe majani, meno nimeyabana ule mwito usije ukanitoka.