Mama Amehamia Spika ya Masunga

Leo Mama amenihama mbele ya majirani.

Nimekuja kijijini kwetu Ngulyati na spika nilizozitengeneza mwenyewe huko Dar, ili Mama asikie tena ngoma ya marehemu Baba. Kanda ya zamani ya Baba akiimba na kupiga ngoma ninayo mimi.

Mdogo wangu Masunga akatabasamu. "Kaka, hata mimi ninayo spika."

Akaburuta spika yake, sanduku la mninga alilolipigilia misumari enzi za ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa na spika zikaanza kujaa madukani. Ndani amelijaza pamba ya shambani kwake.

Basi tukashindana kama wacheza ngoma wa kwetu: kila mmoja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule ambaye watu watamhamia.

Nikaanza mimi. Sauti safi. Ulimsikia Baba hata akivuta pumzi. Mama akatulia kwenye kigoda mbele yangu.

Masunga akaweka kanda ileile. Sauti nzito, maneno hayaeleweki (naapa hayaeleweki). Lakini ngoma ilipiga kifuani.

Majirani wakahama. Sawa, ni majirani zake.

Kisha Mama akabeba kigoda, akavuka uwanja, akaweka kiganja juu ya lile sanduku.

"Mama, yangu ni safi zaidi," nikasema.

"Ni safi, mwanangu. Ila baba yenu alikuwa anatikisa nyumba."

Masunga hata hakunicheka. Alisogeza watu, akaniwekea kiti karibu na Mama. Hapo ndipo wivu uliponiuma hasa.

Nimekaa. Ngoma ya Baba inanigonga kifuani, na wivu bado ninao.

Nyie mngehama? Semeni ukweli.