Siku Bilan Alipokataa Kuitwa Mdaiwa

Jatani alitoka Bute na lugha tatu mdomoni: Kiborana cha mama yake, Kisomali cha sokoni na Kiswahili cha shule. Lugha hizo ndizo zilizompatia kazi ya ukalimani katika mahakama ya Garissa mwaka 1994. Akanunua viatu vyeusi, akajizoeza kusimama wima kando ya kizimba, na kuamini kwamba hakuna neno litakalomshinda.

Hajamaliza hata wiki, likaja shauri la Bilan, muuza maziwa ya ngamia. Beberu wake alikuwa ameingia katika kibanda cha fundi cherehani Abdikafi, akatafuna dirac, lile gauni jepesi la bibi harusi, mpaka likabaki bega moja. Bibi harusi alilia, mama yake akamfokea Abdikafi, na Abdikafi akakimbilia mahakamani.

"Mdaiwa asimame!" karani akaita.

Jatani alitafsiri bila kufikiri. Kwake dai na deni vilikuwa kitu kimoja, basi akasema kwa Kisomali kwamba mwenye deni asimame.

Bilan akageuka nyuma kumtafuta huyo mwenye deni. Alipoona macho yote yako kwake, alisimama kweli, akawaka kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Mimi nilikopa kwa nani? Wallahi, sina deni ya mtu! Wateja yangu wako hapa wanasikia. Kesho nani atachukua maziwa?"

"Eddo, tulia," Jatani akamnong'oneza.

"Usiniite eddo! Shangazi yako ni mtu ya madeni?"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akagonga meza. "Mkalimani, umemwambia nini?"

"Nimesema mwenye deni asimame, mheshimiwa."

"Deni limetoka wapi? Shauri lenyewe hatujalisikia. Nenda nje ukapumue, kisha urudi."

Jatani aliketi kivulini pembeni mwa landrova ya polisi, jasho likimtiririka, akaligeuzageuza lile neno. Mtaani mdaiwa ni aliyekopa. Mahakamani ni aliyeshtakiwa. Dai, dai... Akakumbuka alivyofundishwa utotoni chuoni kwa maalim wa Kurani: dua ni kumwita Mungu. Na Wasomali kesi huiita dacwo. Yote hayo yametoka kwa Waarabu, kwenye kuita. Deni lina ukoo wake mwingine kabisa. Kumbe mdaiwa anaweza kuwa hajakopa wala kukosa; mwenzake tu amepaza sauti kwamba ana haki juu yake. Jatani akacheka peke yake hadi askari akamtazama vibaya.

Akarudi ndani. "Eddo, nisamehe, nilikosea. Neno ni dacwo. Abdikafi amekuita uje ujibu. Kama una kosa au huna, hakimu bado hajasema."

Bilan alifikiri kidogo. "Dacwo nakubali. Dacwo hata mtu mzuri inampata." Akawageukia wateja wake. "Mmesikia?"

Abdikafi akatoa lile bega la gauni. Bilan akalipokea, akalinusa, akashusha pumzi.

"Ni yeye. Nilimwona anacheua nyuzi za dhahabu, nikajiuliza amezitoa wapi."

Hakimu mwenyewe alishindwa kujizuia, akacheka. Kisha akaamuru Bilan anunue kitambaa kingine.

"Haya," Bilan akamwambia Jatani, "sasa niite mwenye deni. Sasa ni kweli."

Nje ya mahakama yeye na Abdikafi walielewana: fundi atapelekewa maziwa kila asubuhi kulipia kitambaa hicho mpaka waridhiane. Harusi ilifanyika, beberu akachinjwa kwa karamu, na Jatani akaalikwa, akala mpaka akafungua kifungo cha suruali.

Aliendelea na kazi ile miaka mingi. Mawakili wageni walimwona mzito, lakini mahakimu walimzoea. Jatani akiinua mkono ili alipime neno kabla ya kutafsiri, wao waliweka kalamu chini wakamngoja.