Gari Langoni kwa Mkwe

Wateja walimwita Mama Miwani, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kupima macho na kutengeneza miwani, na kwa kuwa watu wa milimani hawakuwa na nauli ya kumfuata mjini, aliwafuata yeye. Alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akaligeuza nyumba. Katikati kulikuwa na meza ya kazi na droo za vioo, nyuma vitanda viwili, kimoja chake na kingine cha mdogo wake, ambaye alipokea wateja, alipika, na kila asubuhi alimwonyesha dada yake mahali alipoisahau miwani yake mwenyewe. Wote wawili walikuwa wajane. Hawakuwa na wa kumwomba ruhusa.

Kilichowashinda ni baridi. Huko juu ukungu uliingia mpaka ndani ya mito, na vidole vikishakufa ganzi, ile skrubu ndogo ya miwani huishiki hata kwa dua. Wakaamua kuweka jiko la chuma la kuni, dogo, lenye bomba la kupitisha moshi paani.

Kazi akapewa mkwe, mume wa binti yake Mama Miwani, fundi wa kuchomelea mwenye karakana ya mageti na madirisha. Alikuwa kijana mchangamfu, mwepesi wa kuahidi. Hakuwahi kuweka jiko ndani ya gari, wala hakulisema hilo.

"Mama, niachie mimi," alisema. "Jiko ni jiko."

Sasa mkwe ni mkwe. Huwezi kumsimamia mgongoni ukimhoji kila msumari. Mama Miwani aliuliza swali moja tu: hewa ya kulisha moto itaingilia wapi?

"Gari lina nyufa zake, Mama. Nikitoboa tundu, baridi mnayoikimbia itawafuata humo humo."

Maneno hayo yalionekana yana akili. Jiko likawekwa, likapendeza, mdogo wake Mama Miwani akawa analipangusa kila siku kama kikombe cha wageni.

Ikaja alasiri moja ya mvua. Mama Miwani alikuwa nje chini ya turubai, akimpima macho mlinzi wa msitu. Mdogo wake alikuwa ndani, madirisha yote yamefungwa, kuni zinaungua polepole kwa sababu alizipunguzia hewa zidumu. Tangu mchana alikuwa akilalamika kichwa, na dada yake alimwambia ajinyooshe kidogo.

Mama Miwani alipoingia kuchukua koleo, alimkuta ameketi kitandani na kiatu mguu mmoja. Mdogo wake akamtazama, akauliza kwa sauti ya usingizi, "Mama amerudi kutoka kisimani?" Mama yao alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita. Kisha akajaribu kusimama, akaanguka mzimamzima.

Mama Miwani alipoinama kumnyanyua, magoti yake mwenyewe yakalegea. Hapo akajua kuna kitu humo ndani. Aliusukuma mlango wa nyuma kwa bega, akapiga kelele, na mlinzi wa msitu akaja mbio, bado amevaa ile fremu nzito ya kupimia macho. Wakamburuta mgonjwa mpaka kwenye matope, mvua ikimpiga usoni, wala hakuhisi.

Hospitalini aliwekewa oksijeni. Daktari aliuliza wanalala wapi na wanaota moto gani, kisha akaeleza: moto ukinyimwa hewa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya pumzi.

"Moshi ungewafukuza," alisema. "Hii inawabembeleza mlale."

Mgonjwa alipoanza kuita watu kwa majina yao, Mama Miwani alirudi kwenye gari na tochi. Miaka yote hiyo ya kutafuta mikwaruzo kwenye vioo ilimfundisha kutazama, na safari hii alitazama akiwa na hasira. Bomba lilipenya paa la mbao kwenye tundu lililokatwa sawa na unene wake. Mbao iliyolizunguka ilikuwa imeungua ikawa nyeusi kama mkaa. Kule juu bomba lilikatwa fupi, pua yake chini ya ukingo wa dirisha la paani, upepo ukigeuka moshi unarudi nyumbani. Maungio yalipitisha mwanga. Jiko lenyewe halikufungwa kwa bolti hata moja. Gari likifunga breki ghafla, moto ungewafuata kitandani. Na ukuta wa nyuma ya jiko, umbali wa kiganja, ulishaanza kubadilika rangi. Kumbe hata gesi ingewasamehe, moto ulikuwa kwenye foleni.

Akampigia mkwe.

"Pole sana, Mama," alisema mkwe. "Lakini si Mama Mdogo ndiye aliyefunga madirisha?"

"Afungue madirisha kwenye baridi, halafu jiko la nini?"

"Nasema tu. Mshukuru Mungu, ni bahati imekuwa salama."

Mama Miwani akakata simu. Mdogo wake amelala na mpira puani, ametoka kuulizia kisima, na mtu anasema bahati.

Jioni binti yake alimtembelea hospitalini. Alikaa pembeni ya kitanda akichezea ncha ya mtandio, mtoto wa watu, huku mume huku mama. Mwishowe akasema, "Mama, kuna wengine."

"Wengine gani?"

"Watu walilipenda jiko lako. Mume wangu amewawekea wawili zaidi. Mzee mmoja mchoraji, na yule dada anayeuza miche barabarani, analala kwenye basi dogo na mtoto wake mchanga."

"Amewaambia?"

Binti akatikisa kichwa. "Anasema akiwaambia, mji mzima utamwita muuaji. Anasema jina la fundi likichafuka halisuguliki."

Heshima ya ukwe Mama Miwani aliijua, aliilea, na aliwahi kumfundisha huyu huyu binti yake. Lakini heshima haijawahi kumlea mtu aliyekwisha kuzikwa.

Asubuhi aliliendesha gari mpaka karakana ya mkwe, akaliegesha likakingama lango lote, pua kwenye nguzo hii, mkia kwenye ile. Akazima injini, akatia ufunguo kifuani, akatandaza turubai na kukaa na meza yake ya kazi.

Mkwe alitoka na kinyago cha kuchomelea kichwani. "Shikamoo, Mama. Umeziba njia."

"Marahaba. Najua."

"Nina geti la kupeleka leo."

"Nenda kwanza ukatoe majiko uliyoweka. Ukirudi utanikuta nimeondoka."

Alicheka kidogo, kama mtu anayetaniwa, kisha akaona hataniwi. Akaomba. Akasema atakwenda wiki ijayo. Akasema atawapigia simu wakati wake. Mwenye geti alikuja, akauliza kulikoni, na Mama Miwani akamweleza neno kwa neno, bila kupandisha sauti, huku akimkazia skrubu ya miwani yake iliyolegea. Mteja wa pili alipokuja akaelezwa vilevile. Simu ya Mama Miwani ikaita: baba mzazi wa mkwe, mzee mpole ambaye hakuwahi kukosana naye.

"Mkwe wangu, haya ni mambo ya ndani," alisema mzee. "Unatuvua nguo barabarani."

"Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini kuna kichanga kinalala na jiko hilo. Aibu hii mimi sikuishona, naionyesha tu."

Mkwe alisimama karibu, akasikia. Akasema kwa uchungu, "Mama, unaniulia jina."

Hapo ndipo hasira yote ilipompanda. "Kwa hiyo jina lako ndilo linalopumua, wao hawapumui? Piga simu. Piga hapa, nikusikie."

Akapiga. Mchoraji alipokea, akaapa hatawasha tena mpaka jiko litazamwe. Dada wa miche hakupatikana. Mkwe akajaribu tena na tena, uso ukimbadilika, na bila kuambiwa akatupa kinyago, akachukua mfuko wa zana na kupanda kiti cha mbele. Mama Miwani akawasha injini, wakaondoka.

Waliliona basi dogo limeegeshwa kando ya miche, uzi mwembamba wa moshi ukitoka paani. Mkwe aliruka kabla gari halijasimama sawasawa, akafungua milango yote. Dada wa miche alikuwa ameketi ndani, mtoto amefunikwa mpaka puani.

"Kuna nini, fundi?"

"Toka, dada. Toka na mtoto."

Mtoto alilia alipopigwa na baridi, na kilio hicho Mama Miwani alikipokea kama maji. Mama yake akasema kichwa kimekuwa kikimuuma tangu jiko liingie, akadhani ni kubeba miche. Alimshukuru mkwe kwa kuja kuwatazama. Mkwe aliinamisha kichwa, akauzima moto na kuanza kuling'oa jiko, na Mama Miwani akageuka pembeni, maana shukrani ile ilimuudhi kuliko kila kitu. Kisha akawapakia mama na mtoto, akawapeleka hospitalini.

Siku chache baadaye mkwe akaenda kwa fundi wa majiko wa mji wa pili, mzoefu wa kazi hiyo, akakaa kwake mpaka akajifunza. Alirudia majiko yote matatu. Chini aliweka bamba la chuma juu ya ubao usioungua, jiko likafungwa bolti mpaka kwenye fremu ya gari. Ukuta ulipata ngao ya bati yenye nafasi ya hewa nyuma yake, bomba likavaa bomba lingine na kupita paani kwenye bamba pana, mbali na mbao, likachomoza juu ya kila dirisha. Akatoboa tundu la hewa karibu na sakafu na jingine juu, yasiyo na kifuniko, na akafunga king'ora cha gesi karibu na vitanda. Mama Miwani alikijaribu mwenyewe mpaka majirani wakatoka nje.

Mdogo wake alirudi kazini. Alipona, ila jiko likiwashwa huhamia kiti cha mbele na blanketi, akisema kule kuna mandhari.

Juzi binti alipiga simu. Mteja mmoja tajiri alimtaka mkwe amwekee jiko bila tundu, kwa sababu baridi itamwingilia miguuni. Mkwe alikataa, wakagombana, mteja akaenda kwa fundi mwingine.

"Vizuri," alisema Mama Miwani.

"Umemsamehe basi, Mama?"

"Nimesema vizuri. Mpe simu aniambie huyo fundi mwingine karakana yake iko wapi."